Jinsi ya Kusoma Taarifa ya Kimbunga na Kuchora Njia Yake kwa Mkono

Taarifa ya kimbunga ni fupi na imejaa namba. Wengi huziruka zote na kutafuta moja tu: daraja. Wakisikia daraja la 1 wanapumua, wakisikia la 4 wanahamanika. Lakini daraja linaeleza upepo mkali kuliko wote uliomo ndani ya kimbunga, na upepo huo huvuma katika eneo dogo karibu na jicho, yaani kitovu kitulivu cha kimbunga, ambalo pengine halitakufikia kabisa. Kimbunga Katrina kilipofika pwani ya Marekani mwaka 2005 kilikuwa kimeshashuka hadi daraja la 3, na bado kiliinua bahari zaidi ya mita 8 katika pwani ya Mississippi.

Ukitaka kujua yatakayokufika, jiulize kwanza uko upande gani wa njia ya jicho na umbali gani kutoka kwake. Majibu yote mawili yamo ndani ya taarifa, ila hayaonekani mpaka uyachore.

Tafuta ramani yenye mistari ya latitudo na longitudo, ikiwezekana kila nyuzi 1, inayoanza mahali ulipo na kuenea baharini angalau kilomita 1,500. Ongeza penseli iliyochongwa vizuri, ufutio, rula, bikari, protrakta na daftari. Baromita ni msaada mkubwa, na simu nyingi siku hizi zina kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani yake. Ramani iwe ya karatasi: ile ya kwenye skrini itapotea pamoja na umeme na mtandao, tena saa unayoihitaji zaidi.

Injini kwanza

Kimbunga ni injini inayoendeshwa na joto la bahari. Maji ya juu yakifika nyuzijoto 26.5 au zaidi, na uvuguvugu huo ukishuka hadi mita 50 hivi kwenda chini, mvuke hupanda kwa wingi. Mvuke huo umebeba joto lililotumika kuutoa majini. Ukifika juu, ukapoa na kugeuka matone ya wingu, joto lile linaachiwa: kila kilo ya mvuke hutoa jouli milioni 2.5 hivi, kiasi cha kupandisha kilo 6 za maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 100. Hewa iliyopata joto hilo inakuwa nyepesi, inapanda, na ikifika kilomita 12 hadi 16 juu inamwagika pembeni. Uzito wa hewa juu ya bahari unapungua, yaani mgandamizo unashuka, na hewa ya pembeni inakimbilia pale palipopungua. Njiani inaikwangua bahari na kuokota mvuke mwingine. Basi injini imejijazia mafuta yenyewe.

Kina cha maji ya moto kina uzito uleule wa joto la juu. Upepo mkali hukoroga bahari na kuleta juu maji baridi ya chini. Tabaka la moto likiwa jembamba, kimbunga kinachokwenda polepole hujikorogea maji baridi na kujidhoofisha, ilhali kinachokwenda haraka hukimbia kabla ubaridi haujakipata. Kwa hiyo usione ajabu taarifa ikisema kimbunga kimepungua nguvu kikiwa katikati ya bahari, na hakuna ardhi karibu.

Mzunguko unatokana na dunia kujizungusha. Hewa inayokimbilia katikati hupindishwa kulia katika kizio cha kaskazini na kushoto katika kizio cha kusini. Matokeo yake, vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume na mwendo wa saa na vya kusini hufuata mwendo wa saa. Shika hili vizuri, maana hesabu yote ya pande inalitegemea. Kwenye ikweta upindishaji huo ni sifuri, na ndiyo sababu vimbunga kwa kawaida havizaliwi ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta. Vamei ya Desemba 2001 ilizaliwa chini ya nyuzi 2, ikabaki kuwa kioja.

Joto na mzunguko peke yake havitoshi. Lazima kuwe tayari na kundi la mawingu ya radi lililoanza kujikusanya, hewa ya katikati, kwenye kimo cha kilomita 5 hivi, iwe na unyevu, na upepo wa juu usitofautiane sana na wa chini. Sharti hili la mwisho ndilo huua vimbunga vingi vichanga. Fikiria bomba la moshi: likisimama wima, moto unavuta vizuri, likisukumwa juu huku chini limebaki palepale, linapinda na joto linatawanyika. Tofauti ya upepo kati ya kimo cha kilomita 1.5 na kilomita 12 ikizidi mita 10 kwa sekunde hivi, kimbunga hupata taabu kukua. Katika picha ya setilaiti utaliona jambo hili waziwazi: mawingu mazito yamelundikana upande mmoja na kitovu cha mzunguko kimebaki uchi upande wa pili.

Kimbunga kikikomaa, hewa inayokimbilia ndani huzunguka kwa kasi kubwa hata haiwezi tena kufika katikati. Inapanda ikiwa pete. Pete hiyo ndiyo ukuta wa jicho, na upepo mkali kuliko wote uko hapo. Ndani ya pete hewa inashuka taratibu, inapata joto, mawingu yanayeyuka, na jicho linafunguka. Kipenyo chake kwa kawaida ni kilomita 30 hadi 65, lakini jicho la Wilma mwaka 2005 lilibana hadi kama kilomita 4, mgandamizo ukashuka hadi hektopaskali 882 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Rekodi ya dunia bado ni ya Tip ya mwaka 1979, hektopaskali 870. Tip ilikuwa pia kubwa ajabu, kama kilomita 2,220 kutoka ukingo hadi ukingo. Usichukulie kwamba nguvu na ukubwa huenda pamoja kila mara, kwani vipo vimbunga vidogo vikali mno na vikubwa vya wastani.

Kuisoma taarifa

Duniani kuna vituo sita vikuu vya kanda vilivyokabidhiwa kazi ya vimbunga: Miami, Honolulu, Tokyo, New Delhi, La Réunion na Nadi (Fiji). Chukua taarifa ya kituo cha bahari yako, kupitia mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako, na ukae nayo hiyohiyo mpaka mwisho. Anayechanganya vituo viwili ataona kimbunga kikipanda na kushuka nguvu wakati hakijafanya lolote. Sababu ni namna ya kupima: Miami hutumia wastani wa upepo wa dakika 1, New Delhi dakika 3, na wengine wengi dakika 10. Wastani wa dakika 10 baharini hutoka chini kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo noti 75 za dakika 10 ni sawa na noti 80 za dakika 1. Na vishindo vya upepo hupita wastani wowote kati ya hizo. Upepo unaong'oa paa mara nyingi ni kishindo cha sekunde chache.

Noti ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Kwa hesabu ya kichwani, zidisha noti kwa 2 kisha toa sehemu ya kumi. Noti 34, ambazo ni kilomita 63 kwa saa, ndipo mfumo unapofikia kiwango cha dhoruba ya kitropiki, na katika bahari nyingi ndipo unapopewa jina. Noti 64, kilomita 118, ndipo unapohesabiwa kuwa kimbunga kamili. Kutoka hapo majina yanatofautiana. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi noti 64 hadi 89 ni kimbunga cha kitropiki, 90 hadi 115 ni kimbunga kikali, na zaidi ya hapo ni kikali sana. Kwenye Atlantiki daraja la 1 huanzia noti 64 na la 5 huanzia noti 137. Usiyatafsiri madaraja ya bahari moja kwa ya nyingine. Shika namba ya noti.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo kwenye ukuta hukua kwa mraba wa kasi. Upepo ukitoka kilomita 120 kwa saa kwenda 180 umeongezeka nusu, lakini msukumo wake umefika mara 2.25.

Saa ya taarifa ndiyo inayowapotosha wengi. Huandikwa kwa UTC, yaani saa ya Greenwich: 0000, 0600, 1200, 1800. Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake wa ziada, maana akiona 1200 moyo unasoma saa kumi na mbili. 1200 UTC ni adhuhuri ya Greenwich. Mahali palipotangulia kwa saa 3 ni saa tisa alasiri. Andika ubadilishaji huo juu ya ramani mara moja, kwa wino. Angalia vilevile kwamba saa hiyo ni ya kipimo, si ya kutolewa. Taarifa hutoka baadaye kidogo, na kimbunga chenye mwendo wa noti 10 kwa muda wa saa 2 kimeshasogea kilomita 37 kutoka pale inapokionyesha.

Namba ya nguvu, mara nyingi, ni makadirio. Ndege za kupima huruka ndani ya vimbunga vya Atlantiki zaidi kuliko kwingine. Sehemu kubwa ya dunia hutegemea njia iliyobuniwa na Vernon Dvorak wa Marekani katika miaka ya 1970, ya kusoma umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti na kulipa namba ya T. T4.0 ni noti 65 hivi, T6.0 ni 115. Kwa hiyo kupanda kwa noti 5 kati ya taarifa mbili kusikutie hofu, na kushuka kwa noti 5 kusikulaze usingizi.

Kuchora

Tuchukue mfano wa kubuni katika kizio cha kusini. Taarifa ya saa 0600 UTC inasema: kitovu nyuzi 14.0 kusini, 62.0 mashariki, mwendo kuelekea magharibi-kusini-magharibi kwa noti 10, mgandamizo wa katikati hektopaskali 968, upepo mkali kuliko wote noti 75, upepo wa noti 34 unafika maili 130 za baharini upande wa kusini na maili 80 upande wa kaskazini. Baada ya saa 24 kitovu kinatarajiwa kuwa 15.5 kusini, 58.2 mashariki. Wewe uko 17.0 kusini, 58.2 mashariki.

Weka nukta ya sasa, uandike saa kando yake. Weka nukta ya saa 24, uiunganishe na ya kwanza kwa mstari mwembamba. Weka alama yako. Sasa kipimo cha umbali: nyuzi 1 ya latitudo ni maili 60 za baharini, au kilomita 111, kwa hiyo pima kwa bikari kwenye ukingo wa wima wa ramani. Usipime kwenye ukingo wa chini. Nyuzi za longitudo hufinyika kadiri unavyotoka ikweta. Kwenye latitudo 15 ni maili 58 tu, na kosa hilo hukua kadiri unavyokwenda kwenye latitudo za juu.

Sasa uko maili 284 kutoka kitovu. Nukta ya saa 24 iko maili 90 kaskazini yako. Msomaji wa haraka atasema: nina saa 24, na jicho halinifikii. Amekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni la saa. Kinachofika kwanza ni ukingo wa upepo wa noti 34, wakati jicho bado liko mbali, na kazi zote za nje zinapaswa kukoma kabla ya ukingo huo. Gawanya mstari wa njia katika vipande vinne vya saa 6 kila kimoja, fungua bikari maili 130, ushindilie ncha kwenye kila alama na kuzungusha duara. Katika mfano wetu duara linagusa alama yako kitovu kikiwa karibu robo tatu ya njia, saa 17 hivi tangu kipimo. Hizo ni 2300 UTC. Kwa mahali palipotangulia kwa saa 4, ni saa tisa usiku. Hizo saa 24 zimebaki 17, ukitoa saa mbili za kuchelewa kwa taarifa ni 15, na mwisho wake ni gizani.

Kosa la pili ni kuuamini mstari. Mabaharia wana kanuni ya zamani ya 1-2-3: utabiri wa saa 24 unaweza kukosea maili 100, wa saa 48 maili 200, wa saa 72 maili 300. Utabiri wa siku hizi ni mzuri kuliko hapo, lakini kanuni hiyo bado ni kinga nzuri. Wewe uko maili 90 kutoka mstari. Kwa hiyo jicho lenyewe linaweza kupita juu yako na utabiri usihesabiwe kuwa umekosea kupita kiasi.

Kwenye ramani za kituo cha Miami utaona eneo linalopanuka kama koni. Hilo huchorwa kwa makosa ya utabiri ya miaka 5 iliyopita, kiasi kwamba kitovu hubaki ndani yake mara 2 kati ya 3. Mara 1 kati ya 3 kinatoka nje. Tena linahusu kitovu peke yake, halionyeshi upepo wala mvua vinafika wapi. Kuwa nje ya umbo hilo si kuwa salama.

Pande mbili za njia

Simama katika mawazo juu ya nukta ya kitovu, utazame kule kinakokwenda. Katika kizio cha kusini upande wa kushoto ndio mkali. Katika kizio cha kaskazini ni wa kulia. Upande huo upepo wa mzunguko na mwendo wa kimbunga vinakwenda njia moja, vinajumlishana. Upande wa pili vinapingana. Mzunguko wa kilomita 100 kwa saa na mwendo wa kilomita 20 utatoa takribani 120 upande mmoja na 80 upande mwingine. Ndiyo maana katika mfano wetu noti 34 zilifika maili 130 kusini na 80 tu kaskazini, na wewe, kusini mwa kimbunga kinachokwenda magharibi, uko upande usiotakiwa. Usiongeze mwendo juu ya upepo uliotajwa kwenye taarifa, lakini. Noti 75 zile zimeshajumuisha kila kitu.

Upepo wenyewe utakuthibitishia. Katika kizio cha kusini, upe upepo mgongo: kitovu kiko kulia kwako, mbele kidogo. Katika kizio cha kaskazini kiko kushoto. Tumia mawingu ya chini kuliko bendera, maana majengo, miti na vilima hupindisha upepo wa karibu na ardhi. Kisha andika mwelekeo kila nusu saa. Upepo ukihama kwa kufuata saa, mfano kutoka kusini kwenda kusini-magharibi, uko upande wa kulia wa njia. Ukihama kinyume na saa, mfano kutoka kusini-mashariki kwenda mashariki, uko upande wa kushoto. Kanuni hii ni moja kwa vizio vyote viwili. Ukibaki palepale huku ukiongezeka na baromita ikishuka, umekaa kwenye njia ya jicho.

Baromita

Irekebishe kwanza kwa usawa wa bahari: ongeza hektopaskali 1 kwa kila mita 8 za kimo. Kihisi cha simu kinaweza kuwa nje kwa hektopaskali kadhaa, lakini mabadiliko yake yanaaminika, ila kiache chumba kimoja. Kupanda ghorofa moja tu kunaonekana kama kushuka kwa hektopaskali 0.4.

Katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka wenyewe mara mbili kwa siku, kimbunga kiwepo kisiwepo. Kilele ni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde ni saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tofauti inaweza kufika hektopaskali 3. Asiyejua hili hutaharuki kila alasiri. Linganisha na saa ileile ya siku za kawaida. Ukiwa chini yake kwa hektopaskali 3, kaa macho. Ukiwa chini kwa 5, kimbunga kina uwezekano mkubwa wa kuwa karibu. Na siku ambayo bonde la jioni lilifika lakini kilele cha saa nne usiku hakikuja, hiyo ni dalili tosha hata kabla ya namba kuwa kubwa.

Hesabu za kila saa zichore zikiwa mstari. Kushuka 1, kisha 1, kisha 2, kisha 4 kunaonyesha mstari unaopinda kwenda chini, na ukuta wa jicho unakaribia. Kushuka 1 kwa kila saa bila kuharakisha mara nyingi ni kimbunga kinachopita kando.

Bahari kupanda

Upepo ndio hutajwa zaidi, lakini maji ndiyo yaliyoua watu wengi zaidi katika historia ya vimbunga. Mgandamizo mdogo peke yake huinua bahari sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 iliyopungua. Katika mfano wetu, tukichukua 1010 kuwa kawaida ya nje, 1010 toa 968 ni 42, yaani sentimita 42. Zilizobaki, na hizo ndizo nyingi, husukumwa na upepo kuelekea nchi kavu. Mahali penye sakafu ya bahari pana na ya kina kifupi, maji hayana pa kurudi chini, yanalundikana mita nyingi. Ghuba ya Bengal ina umbo la namna hiyo, na kimbunga cha Novemba 1970 kiliua huko watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Kisiwa kinachoinuka ghafla kutoka kilindini hupata mlundikano mdogo zaidi, ila mawimbi makubwa hukifikia bila kupunguzwa.

Kwa hiyo tazama kwenye ramani yako mahali njia inapokutana na pwani na uulize ni upande gani upepo unavuma kutoka baharini. Kimbunga cha kizio cha kusini kikiingia pwani inayotazama mashariki, ni upande wa kusini wa jicho. Upande wa kaskazini upepo hutoka nchi kavu, na bahari inaweza hata kurudi nyuma kwa muda.

Kisha chukua jedwali la maji kujaa na kupwa. Ikiwa tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, mita 2 za kimbunga zikija maji yakiwa yamepwa hazifiki hata alama ya kawaida ya maji kujaa. Zikija saa 6 baadaye, ziko mita 2 juu ya alama hiyo, na mawimbi yanapanda juu yake. Wakati wa bamvua ni mbaya zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Njia ya kimbunga ikichelewa saa chache inaweza kubadilisha jibu lote, kwa hiyo rudia hesabu hii katika kila taarifa mpya.

Jicho likipita

Muda wa utulivu unahesabika: gawanya kipenyo cha jicho kwa mwendo wa kimbunga. Jicho la kilomita 40 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni saa 2 likipita katikati kabisa, pungufu likipita pembeni. Upepo unakatika, mvua inaacha, pengine nyota zinaonekana. Baromita iko chini kabisa. Kisha inaanza kupanda, na hapo ndipo watu hutoka nje kukagua, wakidhani kupanda kwa mgandamizo ni mwisho. Ukuta wa pili unafika kwa ghafla, upepo ukitoka upande ulio kinyume na wa kwanza. Mabati yaliyokuwa yakibanwa na upepo wa mwanzo sasa yanainuliwa, na miti iliyokwisha kulegea mizizi inaanguka upande mwingine. Milango na madirisha ya upande uliokuwa kimya ndiyo ya kuimarisha kabla kimbunga hakijafika, si wakati wa jicho.

Baada ya kuingia nchi kavu

Kikikatiwa mvuke wa bahari, kimbunga hupoteza upepo ndani ya saa chache. Taarifa zitashusha jina lake, vyombo vya habari vitageukia mambo mengine, na kazi yako ya kuchora itaonekana imekwisha. Haijaisha, kwa sababu unyevu bado uko angani. Kwa mvua namba inayotawala ni mwendo wa kimbunga, na upepo hausemi kitu: kinachokwenda kwa noti 4 humwaga mahali pamoja kile ambacho cha noti 16 kingetawanya katika umbali mara nne. Harvey ya mwaka 2017 ilisimama juu ya Texas ikiwa imeshadhoofika, na kituo kimoja cha huko kikapima zaidi ya milimita 1,500. Masalia ya Freddy, kimbunga kilichovuka Bahari ya Hindi yote kwa zaidi ya wiki 5 mwaka 2023, yalileta mafuriko na maporomoko ya udongo Malawi, nchi isiyo na bahari.

Milima huzidisha. Hewa yenye unyevu ikilazimishwa kupanda mteremko hukamuliwa, na ndiyo maana rekodi ya dunia ya mvua ya saa 24, milimita 1,825, ilipimwa kwenye nyanda za juu za kisiwa cha Réunion Januari 1966 wakati wa kimbunga Denise.

Basi endelea kuweka nukta. Ziangalie nafasi kati yake: nukta za kila saa 6 zikianza kubanana, mvua inalundikana. Fuata mto unaopita kwako kwenda juu kwenye ramani mpaka chanzo chake, kisha uone kama eneo la mvua limegusa bonde hilo. Likiwa limegusa, maji yatafika kwako baada ya mbingu kuwa safi, na kwa mto mrefu hiyo inaweza kuwa siku kadhaa baada ya kituo kutoa taarifa yake ya mwisho.